Benki ya Serikali au Benki Binafsi? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Ajira Yako

Nikiwa keshia wa mwaka wa kwanza katika benki ya serikali, jioni moja droo yangu ilipungua noti moja kubwa. Tulihesabu mara tatu. Kitita kimoja nilichopokea kwa mteja niliyemzoea kilikuwa na noti 99 badala ya 100. Nilikipitisha bila kukitia kwenye mashine ya kuhesabia. Nikalipa noti ile kutoka mfukoni mwangu, nikidhani yameisha. Kumbe bado. Upungufu ule uliandikwa kwenye daftari la upungufu na ziada, nikatakiwa kuandika barua ya maelezo, ikasainiwa na watu watatu, na miaka miwili baadaye, nilipoomba kupanda daraja, barua ileile ilikuwa mezani mbele ya wasaili.

Baadaye nilihamia benki binafsi. Huko nako droo ilinipungukia, tena noti mbili. Nililipa papo hapo, msimamizi akasaini, na kesho yake hakuna aliyelitaja. Ila wiki hiyohiyo niliitwa ofisini mara mbili kwa sababu nilikuwa nimefungua akaunti 11 wakati lengo la mwezi lilikuwa 30.

Tangu siku hizo, kijana akiniuliza aende upande gani, humwambia akatafute jambo moja kwanza: benki hiyo haisamehe kosa gani? Kwa kawaida benki ya serikali haisamehe utaratibu uliorukwa, na benki binafsi haisamehe lengo lisilofikiwa. Zote zitakuchosha, kila moja kwa namna yake, na watu hatuchoshwi na kitu kimoja. Hatua zinazofuata ni za kukusaidia kujua utabeba mzigo upi kwa miaka kumi bila kuvunjika.

Hatua ya kwanza: mjue mwenye benki

Wengi huchanganya mambo hapa. Benki kuu ya nchi ni taasisi ya umma, lakini haishindanii wateja. Inasimamia sarafu, inaangalia mfumuko wa bei na, katika nchi nyingi, kuzikagua benki nyingine. Kazi yake ni ya wachumi, wanasheria, wahasibu, wakaguzi na wataalamu wa mifumo. Benki ya maendeleo nayo huwa ya serikali, na mara nyingi hutoa mikopo mikubwa ya muda mrefu kwa viwanda, kilimo au miundombinu. Mtu anaweza kufanya kazi humo miaka mingi asiione foleni ya wateja. Ya tatu ni benki ya biashara inayomilikiwa na serikali, ambayo kwa mteja inafanana kabisa na ile binafsi ya jirani yake. Mtu akisema "benki ya serikali", kwa kawaida anamaanisha hii.

Katikati zimo benki za mchanganyiko. State Bank of India, kwa mfano, hisa zake zinauzwa sokoni kama za kampuni yoyote, lakini zaidi ya nusu ni mali ya serikali. Kwa hiyo usiamini jina wala rangi ya bango. Fungua ripoti ya mwaka ya benki unayoitaka, tafuta ukurasa wa wanahisa, uone nani ana hisa nyingi na nani ana mamlaka ya kuteua bodi. Anayeteua bodi ndiye anayeamua mkurugenzi aulizwe nini mwisho wa mwaka, na swali hilo hushuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye kaunta yako.

Kumbuka pia kwamba mwenye benki hubadilika. Société Générale ya Ufaransa ilitaifishwa mwaka 1945 na kubinafsishwa mwaka 1987. Aliyeajiriwa humo katikati ya miaka hiyo aliingia kwa serikali akastaafu kwa wenye hisa. India ilitaifisha benki kubwa 14 kwa mpigo mwaka 1969. Uingereza iliiokoa Royal Bank of Scotland mwaka 2008 kwa fedha za walipa kodi, na hisa ya mwisho ya serikali katika benki hiyo, ambayo sasa inaitwa NatWest, iliuzwa Mei 2025. Ajira ya benki inaweza kuwa ya miaka 30 au zaidi, na katika muda huo lolote kati ya haya linaweza kukukuta umekaa kwenye kiti kilekile.

Hatua ya pili: uliza utapimwa kwa kipimo gani

Ukikosa muda wa hatua nyingine zote, fanya hii.

Benki binafsi huishi kwa namba. Kila afisa ana karatasi ya malengo: amana mpya kiasi gani, mikopo mingapi, kadi ngapi, bima ngapi. Ubaya hauko kwenye kuwa na malengo. Kuna watu wanaochanua wakipewa lengo. Nimefanya kazi na dada mmoja ambaye asubuhi alikuwa akiandika namba yake kwenye kikaratasi, anakibandika kwenye skrini, na jioni hatoki mpaka akikate kwa wino. Mwaka wa tatu alikuwa meneja wa tawi, jambo ambalo kule nilikotoka lingemchukua si chini ya miaka kumi. Ubaya huanza pale lengo linapowekwa na mtu asiyewahi kukutana na mteja, tena likiwa na adhabu.

Kisa cha Wells Fargo ya Marekani kinafaa kusomwa na kila anayeingia upande huu. Wafanyakazi walibanwa wauze bidhaa nyingi kwa kila mteja, na wengi wakaanza kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Septemba 2016 benki ilipigwa faini ya dola milioni 185, na ikasema kwamba ilikuwa imewafukuza wafanyakazi wapatao 5,300 katika miaka kadhaa. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa watu wa ngazi za chini. Ukiingia mahali ambapo lengo haliwezekani kwa njia halali, ujue kwamba siku mambo yakiharibika saini itakayoonekana kwenye fomu ni yako.

Basi kwenye usaili, ukifika wakati wa kuuliza, usiulize tu "malengo yakoje?" Utajibiwa kwamba ni ya kawaida. Uliza hivi: katika watu wa nafasi hii, wangapi walifikia lengo robo mwaka iliyopita? Asiyefikia robo mbili mfululizo hufanywaje? Aliyekuwa kwenye nafasi hii yuko wapi sasa? Jibu la swali la mwisho lina uzito kuliko yote. Kama amepandishwa, ni habari njema. Kama hakuna anayetaka kumzungumzia, umeshapata jibu.

Upande wa serikali kipimo ni utaratibu na muda. Kupanda cheo hufuata miaka ya utumishi, mitihani ya ndani na nafasi kuwa wazi. Unaweza kuwa hodari kuliko wote tawini na bado ukamsubiri aliyekutangulia. Lakini kuna faida ambayo vijana hawaioni mapema: hakuna atakayekuondoa kwa sababu mwezi umekuwa mbaya, na unapata nafasi ya kujifunza kazi kwa kina, kuanzia utunzaji wa vitabu vya hesabu hadi uchambuzi wa mkopo, bila saa ya mauzo kukugongea kichwani.

Shinikizo liko huku pia. Simu inaweza kutoka juu ikitaka mkopo wa mtu fulani upite, na mkopo huo ukigeuka kuwa chechefu, yaani usiolipwa, wakaguzi watalitazama jina la aliyeidhinisha. Maswali hayo yanaweza kuja miaka mingi baadaye, wakati aliyepiga simu hayupo tena madarakani. Kinga yako ni kuandika. Andika sababu za uamuzi wako ndani ya faili lenyewe, na maelekezo ya mdomo uombe yawe kwa maandishi. Ukiona huna moyo wa kumwambia mkubwa wako kwa adabu, "Naomba hilo uniandikie, mzee," basi usikae dawati la mikopo la benki ya serikali.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya malipo yote

Mshahara unaotajwa kwenye barua ni sehemu tu. Chukua karatasi, igawe mara mbili, uandike kila upande mshahara wa msingi, posho, bonasi, mchango wa mwajiri kwenye pensheni, matibabu ya familia, likizo yenye malipo, na mkopo wa mfanyakazi. Bonasi uliyoahidiwa iandike nusu. Bonasi hutegemea mwaka wa benki na hisia za msimamizi wako. Ikija yote, mshukuru Mungu, ila usikodi nyumba kwa kuitegemea.

Kisha gawanya jumla kwa saa utakazofanya kazi kweli. Tuseme benki binafsi inakupa 1,300 kwa mwezi na ya serikali 1,000, kwa sarafu yoyote. Ya kwanza inakuhitaji saa 60 kwa wiki, sawa na saa 260 kwa mwezi, na ya pili saa 42 kwa wiki, sawa na 182. Kwa saa moja, ya kwanza inakulipa 5.00 na ya pili 5.49. Pengine bado utaichagua ya kwanza kwa sababu unahitaji ile 300 zaidi sasa, na hiyo ni haki yako. Muhimu ni kujua kwamba unaiuza jioni yako ili uipate.

Mkopo wa mfanyakazi unastahili aya yake. Benki nyingi, za pande zote mbili, huwakopesha wafanyakazi kwa riba ya chini. Mkopo wa 100,000 wa miaka mitano kwa riba ya asilimia 6 hulipwa karibu 1,933 kila mwezi. Kwa asilimia 15 ni 2,379. Tofauti ya 446 kwa mwezi ni nyongeza ya mshahara kwa jina lingine. Tatizo ni kwamba ukiondoka, kwa kawaida riba hupandishwa hadi ya soko au unadaiwa salio lote. Nimewaona watu wakiamka kila asubuhi kwenda kazini wasikokupenda kwa sababu ya mkopo wa nyumba. Kabla ya kusaini, tafuta kifungu kinachosema nini kitatokea siku utakapoacha kazi, na usikope katika mwaka wako wa kwanza, wakati bado hujajua kama utakaa.

Kuhusu pensheni, uliza swali moja: je, kiasi nitakachopata nikistaafu kimeahidiwa kulingana na mshahara na miaka yangu, au kinategemea michango na faida ya uwekezaji? Ahadi ya aina ya kwanza huonekana zaidi katika utumishi wa umma, ingawa hata huko wengi wa wanaoajiriwa sasa huingizwa kwenye aina ya pili. Usifikiri utapata pensheni aliyopata mjomba wako kwa sababu tu mmefanya kazi benki moja.

Hatua ya nne: pima usalama wa ajira kwa macho makavu

Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, iliomba kinga ya kufilisika tarehe 15 Septemba 2008, ikiwa na wafanyakazi wapatao 25,000 na historia iliyoanza mwaka 1850. Credit Suisse ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1856, iliuzwa kwa mshindani wake UBS katika mazungumzo yaliyokamilika Jumapili moja ya Machi 2023. Ukubwa na umri havikuzilinda. Kwa wale wa Lehman kulikuwa na pigo la pili: wengi walikuwa wameweka akiba yao kwenye hisa za mwajiri wao, kwa hiyo waliopoteza kazi walipoteza na akiba hiyo. Ukipewa hisa kama sehemu ya malipo, ziuze pole pole kila sheria inaporuhusu, na fedha uziweke kwingine.

Benki ya serikali haianguki kirahisi hivyo, lakini huunganishwa. Tarehe 1 Aprili 2020 India iliziunganisha benki zake 10 za umma zikawa 4. Mkiunganishwa, matawi mawili yaliyotazamana barabarani hubaki moja, na meneja wa pili hupangiwa kazi nyingine.

Hatua ya tano: nyumbani wataishi wapi?

Benki za serikali zenye matawi nchi nzima huhamisha watu, mara nyingine kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, na mgeni mara nyingi huanzia tawi la mbali. Kwa asiye na familia hii ni shule nzuri. Kwa mwenye mwenzi anayefanya kazi na watoto darasani, uhamisho unaweza kuvunja mpango wote wa nyumba. Zungumzeni kabla ya barua kuja. Benki binafsi zenye matawi machache hukaa zaidi mijini, na uhamisho wake mara nyingi huja pamoja na cheo.

Hatua ya sita: chagua dawati

Hapa nina msimamo. Dawati lina uzito kuliko jina la benki. Mtu wa kitengo cha hatari, uzingatiaji wa sheria, hazina, ukaguzi wa ndani, mifumo au uchambuzi wa mikopo ya biashara ana ujuzi unaonunuliwa na benki yoyote, ya upande wowote. Kazi ya kaunta inapungua kadiri miamala inavyohamia kwenye simu na mashine, hivyo kaunta iwe mlango wa kuingilia, usiifanye sebule. Ukipewa kaunta, uliza baada ya muda gani unaweza kuomba kwenda kitengo kingine, na ni nani aliyewahi kufanya hivyo.

Kwa kawaida benki ya serikali itakuzungusha vitengo vingi, utoke ukiijua benki nzima. Ile binafsi mara nyingi itakubakiza sehemu moja, utoke ukiwa bingwa wa jambo moja. Vyeti vya kitaaluma kama ACCA (cha uhasibu) au CFA (cha uchambuzi wa uwekezaji) vina faida kote, ila upande wa serikali angalia kwanza kama muundo wa vyeo unavitambua, maana unaweza kutumia miaka mitatu ya usiku kwa cheti kisichokuongezea hata daraja moja.

Fikiria pia njia ya kurudi. Kutoka serikalini kwenda binafsi ni rahisi zaidi, hasa ukiwa na miaka mitano ya mikopo mkononi. Kutoka binafsi kwenda serikalini mara nyingi unakutana na mtihani wa kuingilia, ukomo wa umri na ngazi ya chini kuliko uliyoiacha. Kama huna uhakika kabisa na milango yote miwili imefunguka, sababu hiyo peke yake inatosha kuanzia serikalini.

Hatua ya saba: jiandae kulingana na mlango

Mlango wa serikali ni tangazo, fomu, mtihani, usaili, ukaguzi wa vyeti, na kusubiri. Kati ya tangazo na barua ya ajira inaweza kupita miezi mingi. Kusanya vyeti halisi mapema, hakikisha majina yako yanafanana kwenye kila hati, na ufanye mazoezi ya hesabu za haraka na ufahamu kwa kujipimia saa. Wengi hushindwa kwa kasi, wala si kwa ujinga.

Mlango wa binafsi ni mafunzo kazini, maombi ya moja kwa moja na kujulikana. Huko wasifu wako uwe na namba: uliuza nini, ulihudumia wateja wangapi, ulikusanya kiasi gani. Hata aliyeuza vocha za simu akiwa chuoni ana cha kusema, mradi akiseme kwa tarakimu.

Hatua ya nane: nenda ukakae ukumbini

Chagua tawi la kila benki unayoifikiria. Nenda ukiwa na shughuli halali, kama kuweka fedha au kuuliza masharti ya akaunti, mwishoni mwa mwezi, saa moja kabla ya kufunga. Ukimaliza, kaa kidogo na utazame. Keshia akikosea, anamwita nani, na yule anakuja na uso gani? Meneja anatoka ofisini foleni ikirefuka, au mlango wake unabaki umefungwa? Afisa anayekuhudumia anasikiliza unachotaka, au anakuwekea fomu ya kadi kabla hujamaliza sentensi? Rudi siku nyingine baada ya saa za kazi, usimame nje, uone wanatoka saa ngapi.

Kisha tafuta watu wawili waliowahi kufanya kazi humo wakaondoka. Aliyeko ndani ana ya kulinda. Aliyeondoka ana nafasi ya kusema. Mmoja awe aliyeondoka kwa hiari, mwingine aliyeondolewa. Waulize wote wawili swali nililoanza nalo, lile la kosa lisilosamehewa, uone kama majibu yao yanakutana.

Barua ikifika

Soma kwanza jina la mwajiri. Wapo wanaovaa sare ya benki huku mkataba wao ukiwa na wakala wa ajira, na mara nyingi hao hawana mkopo wa mfanyakazi, bonasi wala ngazi ya kupanda. Halafu soma kipindi cha majaribio, muda wa notisi kwa kila upande, na kifungu cha mafunzo: baadhi ya benki hukudai gharama za mafunzo ukiondoka kabla ya miaka fulani.

Kama barua ya benki binafsi imekuja kwanza na bado unasubiri ya serikali, omba siku saba kwa maandishi, kwa heshima na bila hadithi ndefu. Wakikataa, rudi kwenye karatasi yako ya hatua ya tatu, utazame kipindi cha majaribio na notisi yake. Kama katika majaribio unaweza kuondoka kwa notisi ya wiki mbili bila deni la mafunzo, ingia, fanya kazi kwa moyo, na usiguse mkopo wa mfanyakazi mpaka matokeo ya kule yatoke.